Kompyuta Kuu Nazo Zina Wauguzi Wake

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu sugu hutoa makohozi asubuhi, kisha hurudi nyumbani kusubiri majibu. Katika maabara zenye uwezo wa kusoma vinasaba, safari ya sampuli yake haiishii kwenye hadubini. Bakteria wa kifua kikuu ana herufi za vinasaba zipatazo milioni 4.4, na mashine inayozisoma haiziandiki kwa mfululizo kama maneno kitabuni. Huzitoa zikiwa vipande vifupi visivyo na mpangilio, kila sehemu ikiwa imesomwa mara nyingi. Vipande hivyo hupangwa na kompyuta, ambayo pia huvilinganisha na kielelezo na kutafuta mabadiliko yanayojulikana kuleta usugu wa dawa. Orodha ya mabadiliko hayo ilitolewa na Shirika la Afya Duniani kwa mara ya kwanza mwaka 2021.

Kwa sampuli moja ya bakteria, kompyuta ya kawaida ya mezani inaweza kutosha. Kwa sampuli elfu kadhaa za nchi nzima, haitoshi. Upande wa binadamu mzigo ni mkubwa zaidi: vinasaba vya mtu mmoja vina herufi zipatazo bilioni 3, na mafaili ghafi ya usomaji wake yanaweza kukaribia gigabaiti 100. Utafiti wa selimundu, wa saratani ya matiti au wa shinikizo la damu unaohusisha wagonjwa elfu moja huzaa mlima wa data ambao hauwezi kupandwa kwa kompyuta ya ofisini. Hapo ndipo zinapohitajika kompyuta kuu, yaani mamia au maelfu ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi ili zigawane hesabu moja na kuimaliza kwa saa badala ya miezi.

Sifa za mashine hizi hutangazwa sana. Mwaka 2020, kompyuta Fugaku ya mjini Kobe, Japani, ilitumika kuonyesha jinsi matone ya kikohozi yanavyosambaa hewani wakati wa janga la UVIKO-19. Mwaka 2022, kompyuta Frontier ya Oak Ridge, Marekani, ilivuka kiwango cha hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde. Habari za namna hii hupendeza masikioni. Wasiotajwa katika habari hizo ni watu wanaozifanya mashine hizo ziamke kila asubuhi na kufanya kazi, na hoja ya makala haya inawahusu wao. Nchi za Afrika Mashariki zinapojenga utafiti wa tiba unaotegemea kompyuta kuu, zinapaswa kujenga pamoja nazo jumuiya ya waendeshaji wake, yenye vikao, kumbukumbu na bajeti. Bila jumuiya hiyo, mashine itakuwa pambo la muda mfupi, na data za wagonjwa zitakuwa hatarini.

Kazi isiyoonekana

Mwendeshaji wa kompyuta kuu hufanya kazi inayofanana sana na ya muuguzi wa zamu. Hupita kila siku kuangalia hali ya mashine: joto la chumba, diski zinazoanza kuchoka, feni zinazolia, nishati inayopanda na kushuka. Hupanga foleni ya kazi za watafiti ili mwenye hesabu ndogo asikwame nyuma ya mwenye hesabu ya wiki mbili. Huweka programu mpya na kuhakikisha kwamba hazivunji zile za zamani. Hutoa nakala rudufu, huziba mianya ya usalama, hufuta ruhusa za walioondoka na kuwafundisha waliofika jana. Umeme unapokatika usiku wa manane na mtambo wa kupoza ukagoma kuwaka, ndiye anayepigiwa simu.

Akiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna anayetambua kwamba ameifanya. Katika taasisi nyingi ndogo mtu huyu huwa mmoja au wawili tu. Hana mwenzake wa kumuuliza. Kitabu cha mwongozo alichoachiwa na muuzaji hueleza mashine ilipotoka kiwandani, lakini hakielezi inavyokuwa baada ya miaka minne ya vumbi, joto na umeme wa kusuasua. Maarifa ya aina hiyo hayamo vitabuni. Yamo vichwani mwa waendeshaji wengine waliokwisha kukutana na tatizo lile lile.

Wahudumu wa afya wanaifahamu hali hii kutokana na uzoefu wa dawa. Daktari mmoja akiona upele kwa mgonjwa mmoja baada ya dawa mpya, huenda asiweze kusema kama dawa ndiyo chanzo. Taarifa za madaktari wengi zikikusanywa mahali pamoja, dalili iliyokuwa ya bahati huanza kuonekana kuwa mkondo. Ndiyo maana kuna fomu za kuripoti madhara ya dawa. Jumuiya ya waendeshaji hufanya kazi hiyo hiyo kwa mashine: hitilafu iliyoonekana mahali pamoja kama ajali, ikionekana mahali pengine patatu, hujulikana kuwa kasoro ya programu au ya kifaa.

Washindani waliokaa meza moja

Wazo hili si geni. Mwaka 1955, makampuni na taasisi za eneo la Los Angeles zilizokuwa zimeagiza kompyuta aina ya IBM 704 zilianzisha jumuiya iliyoitwa SHARE. Miongoni mwao yalikuwamo makampuni ya ndege yaliyoshindana vikali katika soko. Yaligundua jambo la kusikitisha: kila moja ilikuwa ikiwalipa wataalamu wake waandike programu zile zile ambazo jirani yake alikuwa ameshaziandika. Yaliamua kuzibadilishana, kuweka kanuni za pamoja, na kuzungumza na mtengenezaji kwa sauti moja. Ndege ziliendelea kushindaniwa, lakini maarifa ya kuendesha mashine yakawa mali ya wote.

Mwaka 1978 watumiaji wa kompyuta kuu za Cray nao walianzisha jumuiya yao, ambayo imekuwa ikikutana kwa miongo kadhaa. Katika vikao vya namna hii, mwenye mashine husimama mbele ya wenzake na kueleza alichojaribu, kilichofaulu na kilichomshinda. Muuzaji huwapo na husikia. Mteja mmoja akilalamika peke yake, huweza kupuuzwa. Wateja thelathini wakileta hitilafu moja yenye ushahidi, muuzaji hutafuta dawa.

Funzo kwa hospitali na vyuo vikuu vya afya liko wazi. Kama washindani wa biashara waliweza kushirikiana, taasisi za umma zenye lengo moja la kuokoa maisha hazina sababu ya kila moja kujifungia na kulipia upya makosa ambayo jirani ameshayalipia.

Kikao cha mapitio ya makosa

Thamani kubwa zaidi ya jumuiya hizi ni utamaduni wa kusema wazi mambo yanapoharibika. Mfano mmoja unatosha. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 za data za kompyuta yake kuu, yaani mafaili yapatayo milioni 34 ya makundi 14 ya watafiti. Data za makundi manne hazikuweza kurejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu.

Chanzo hakikuwa tetemeko wala moto. Palikuwa na programu ya kutoa nakala rudufu, iliyokuwa pia na kazi ya kufuta kumbukumbu za zamani zisizohitajika. Toleo jipya la programu hiyo liliwekwa wakati lile la zamani bado linafanya kazi. Mashine ikaendelea kusoma maagizo kutoka katikati ya toleo jipya, huku baadhi ya maelezo yaliyohitajika yakiwa hayajawekwa. Amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu chache za zamani ikageukia data zenyewe. Chombo kilichowekwa kulinda ndicho kilichoangamiza.

Cha kuigwa ni kilichofuata. Chuo kilitangaza tukio hilo hadharani, na kampuni iliyohusika ikakiri wajibu wake na kueleza hatua kwa hatua jinsi kosa lilivyotokea. Waendeshaji kote duniani waliosoma maelezo hayo waliweza kwenda kukagua programu zao wenyewe kabla hayajawakuta. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Taasisi inayoficha upotevu wa data hujilinda kwa wiki chache na huwaacha wengine wote watumbukie katika shimo lile lile.

Wakunga na madaktari wa uzazi wanaielewa mantiki hii kuliko wengi. Katika kikao cha mapitio ya vifo vitokanavyo na uzazi, swali linaloleta nafuu huwa ni kwa nini damu ilichelewa, kwa nini gari halikuwapo, kwa nini dalili ya hatari haikusomwa. Kikao kikigeuka mahakama ya kumsaka wa kulaumiwa, watu hufunga midomo na vifo huendelea. Waendeshaji wa kompyuta nao wanahitaji kikao kama hicho. Anayefuta faili kwa bahati mbaya na kujua kwamba atafukuzwa, atanyamaza. Anayejua kwamba atasikilizwa, atasema mapema, wakati bado kuna kinachoweza kuokolewa.

Mlango mmoja, nyumba nyingi

Ushirika ni suala la usalama vilevile. Mwezi Mei 2020, dunia ikiwa katikati ya janga, kompyuta kuu kadhaa za Ulaya zilivamiwa na wadukuzi na kulazimika kufungwa kwa muda. ARCHER ya Edinburgh, Uingereza, ilikuwa miongoni mwake, pamoja na nyingine za Ujerumani na Uswisi. Wavamizi walitumia funguo za kidijitali zilizoibwa kwa watumiaji halali. Kwa kuwa mtafiti mmoja mara nyingi huwa na ruhusa katika vituo kadhaa, ufunguo ulioibwa mahali pamoja ulifungua milango mahali pengine. Katika baadhi ya vituo ilibainika kwamba nguvu za mashine zilikuwa zikielekezwa kuzalisha sarafu za kidijitali.

Kituo kinachojitegemea kingeona dalili zake tu na kudhani ni tatizo la ndani. Taarifa zilipopelekwa kutoka kituo hadi kituo, alama za uvamizi zilijulikana na wengine wakajua mahali pa kuchungulia. Hivi ndivyo ugonjwa wa mlipuko unavyodhibitiwa: wilaya inayotoa taarifa leo huilinda wilaya jirani kesho.

Uzito wa jambo hili kwa mgonjwa haulingani na wa kuibiwa nenosiri la kawaida. Nenosiri likiibwa, hubadilishwa. Vinasaba havibadilishwi. Tena havimwelezi mgonjwa peke yake, bali pia wazazi, ndugu na watoto wake ambao hawakuwahi kutia saini fomu yoyote ya ridhaa. Anayeshika funguo za kompyuta iliyohifadhi data hizo amebeba siri ya ukoo mzima, na asiachwe peke yake katika kazi hiyo.

Mashine zilizofika na mashine zilizodumu

Afrika ina mifano yake ya kujifunza. Kompyuta kuu iliyoitwa Ranger ilifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kuanzia mwaka 2008 hadi 2013. Ilipostaafishwa, sehemu ya makabati yake ilisafirishwa hadi Kituo cha Kompyuta zenye Uwezo Mkubwa cha Cape Town, ili igawanywe kuwa mifumo midogo kwa ajili ya vyuo vya Afrika Kusini na vya nchi nyingine za kusini mwa Afrika, Botswana na Tanzania zikiwamo. Busara ya mpango huo ni kwamba uliambatana na kuwafundisha waendeshaji na kuwakutanisha, ili anayepokea kabati Dar es Salaam ajue nani wa kumuuliza Cape Town.

Njia hiyo hiyo ilifuatwa na mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town na kuwa na vituo katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mtandao huo ulijenga uwezo wa kuchambua vinasaba vya Waafrika barani Afrika. Mafunzo yake hayakuwahusu wachambuzi peke yao. Wasimamizi wa mifumo ya kompyuta nao walihesabiwa kuwa sehemu ya utafiti.

Hatima ya vifaa visivyo na watu inajulikana vizuri hospitalini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, uliohusisha vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, uligundua kwamba asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Sababu zilizotajwa ni upungufu wa mafunzo, wa usimamizi na wa miundombinu. Kila mhudumu amewahi kuona mashine ya eksirei iliyofunikwa shuka, ikisubiri fundi asiyekuja. Kompyuta kuu isiyo na mwendeshaji aliyeandaliwa itafunikwa shuka hilo hilo.

Pingamizi mbili za haki

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini fedha ziende kwa waendeshaji wa kompyuta ilhali zahanati zinakosa glavu. Jibu ni kwamba hoja hii haidai mashine mpya hata moja. Inadai kwamba zilizokwisha kununuliwa au kupokelewa zisiharibike. Gharama ya kikao cha mwaka, mafunzo ya wiki mbili na mshahara wa mwendeshaji wa pili ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya mashine iliyokufa kabla ya wakati wake, au ya utafiti wa miaka mitano uliofutika usiku mmoja. Anayetaka fedha za glavu zisipotee anapaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono matunzo.

Wengine watasema kwamba siku hizi nguvu za kompyuta hukodishwa kwa makampuni makubwa kupitia intaneti, hivyo waendeshaji wa ndani hawahitajiki. Kukodi kunafaa kwa kazi nyingi. Hata hivyo, anayekodi bado anahitaji mtu wa kuupanga mfumo, kudhibiti gharama na kuweka ruhusa. Isitoshe, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimeweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Nyumba ya kupanga nayo huhitaji mtu wa kufunga mlango.

Nini kifanyike

Kwanza, vyuo na hospitali za utafiti ziitambue kazi hii kuwa taaluma yenye cheo, ngazi na njia ya kupanda. Mwendeshaji anayehesabiwa kama fundi wa kubadilisha wino wa printa ataondoka mara apatapo nafasi benki, na ujuzi wa miaka mitano utaondoka naye.

Pili, kila mradi wa utafiti unaotumia kompyuta kuu utenge fedha za matunzo na za waendeshaji kukutana. Kamati za maadili ziulize swali hili kabla ya kutoa kibali, kama zinavyouliza kuhusu bima na ridhaa: data zitatunzwa na nani, na mtu huyo anasaidiwa na nani?

Tatu, vituo vikubaliane kuandika na kubadilishana taarifa za hitilafu bila kumtafuta mchawi. Mipaka iwekwe wazi. Kinachobadilishwa ni maelezo ya kosa na tiba yake, kamwe si data za wagonjwa. Mwanya wa usalama utangazwe kwanza kwa walioaminiwa, hadi uzibwe.

Nne, jumuiya hiyo izungumze Kiswahili pia. Miongozo mingi imeandikwa kwa Kiingereza, na mafundi wengi wa Bujumbura na Goma wamesomeshwa kwa Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakalisha pamoja na wenzao wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Maelezo mafupi ya jinsi ya kurejesha nakala rudufu, yaliyoandikwa kwa lugha inayoeleweka usiku wa manane, yana faida kuliko kitabu kinene kisichosomwa.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anapoombwa kuchangia damu au mate kwa utafiti wa vinasaba, ana haki ya kuuliza mambo matatu: data zangu zitakaa wapi, nani ataweza kuzifungua, na zikipotea au zikiibwa nitaambiwa? Mhudumu anayechukua ridhaa anapaswa kuwa na majibu, na akikosa, anapaswa kujua jina la mwendeshaji wa kumuuliza. Siku ambayo mkunga, mtafiti na mwendeshaji wa kompyuta watafahamiana kwa majina katika taasisi moja, kazi hii itakuwa imeanza. Siku ambayo waendeshaji wa taasisi mbili watapigiana simu kabla ya mashine kuzima, itakuwa imeanza kuzaa matunda.